Miguu Yote Miwili

Jumatano, 28 Agosti 2024

Sare, sare, sare. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na wazazi wote wa Kabondo wamekumbuka leo kwamba wana watoto. Sketi za bluu zimenifika shingoni. Mkono wa kulia unakufa kila nikimaliza shati. Naukung'uta, unarudi, naendelea.

Mama alikuwa mlangoni anachambua pondu, majani ya muhogo. Mguu wa kushoto kauficha nyuma ya beseni. Niliona inzi kabla ya kuona kidonda. Alikuwa amejifunga kipande cha kitambaa cheupe, mabaki ya mashati, alichokiokota chini ya mashine yangu. Nikakifungua kwa nguvu. Vidole viwili vya mwisho ni vyeusi. Si vyekundu, si vya kuvimba. Vyeusi.

Kandambili ilimchubua, anasema. Lini? Hajui. Sukari imemwibia nyayo zake, anakanyaga msumari na hana habari. Anasema hakiumi. Ananiambia kama habari njema. Nimemfokea mbele ya wateja. Akarudi kwenye pondu yake.

Kesho hospitali. Sare zisubiri.

Alhamisi, 29 Agosti

Tumepanda toleka mbili, baiskeli za kukodi, mama mbele, mimi nyuma namwangalia mguu unavyoning'inia pembeni ya baiskeli. Kila shimo la barabara nilimtukana kijana wa baiskeli kimoyomoyo.

Daktari ni kijana, ana haraka, lakini mkono wake mwepesi. Aligonga vile vidole kwa ncha ya mkasi. Mama hakushtuka. Akamwambia wazi, bila kuzungushazungusha:

"Mama, hii vidole ilishakufa. Kitu yenye ilishakufa tunaikata, ju isiharibu yenye iko muzima."

Vidole viwili na kipande cha mguu pembeni. Kisigino kinabaki. Atatembea.

Mama akasema: "Muikate basi." Hivyo tu. Kama anakubali kuongezewa chumvi. Mimi nilitoka nje kulia, kisha nikarudi na hasira kwa sababu yeye hakulia. Namjua. Alizika mume bila kelele, alilea watoto bila kelele. Wakati mwingine natamani apige kelele hata siku moja, nijue kuna mtu ndani.

Wametupa kitanda. Mimi ndiye wa kulinda mgonjwa. Ndoo, jiko dogo, mkeka, sahani. Hospitali ni yao, kila kitu ni chetu.

Ijumaa, 30 Agosti

Yaya Ramazani amefika baada ya swala, kola imepigwa pasi. Ndiye kaka yangu mkubwa, anafanya kazi ofisini kule Makiso, na kwake kila jambo ni mkutano. Akamwita daktari mlangoni pa chumba. Mkutano ukaanza.

Daktari alieleza vizuri, lazima niseme. Kuna kulala kabisa: mgonjwa anawekwa bomba kooni na mashine inamsaidia kupumua. Mama ana pumu tangu nimjue. Bomba likimchokoza kifua kinaweza kufunga, na mashine inakula umeme, na umeme wa hapa unakuja ukipenda. Kuna ketamine: macho wazi, akili imesafiri. Lakini inapandisha presha, na presha ya mama tayari iko juu, moyo wake umechoka. Kuna rachi: sindano ya mgongo. Mgonjwa yuko macho, anapumua mwenyewe, kuanzia kiunoni kwenda chini hana maumivu. Daktari anataka rachi.

Ramazani hataki. Anasema mama hawezi kusikia. Daktari anasema, ndiyo, hatasikia. Ramazani anasema nakwambia hawezi kusikia! Daktari: nami nakwambia hatasikia! Wakapandishiana sauti. Kaka alikuwa anasema masikio, kwamba mama hawezi kuvumilia mlio wa mkasi na msumeno na maneno ya madaktari juu ya mwili wake. Daktari alikuwa anasema ngozi, maumivu. Wanaume wawili wenye diploma, neno moja, na hakuna aliyeona. Ningecheka kama si mama yangu.

Na mama? Yuko kitandani hapo hapo, anaona midomo inavyokwenda. Hakuna aliyegeuka kumuuliza. Nikasema, muulizeni yeye. Ramazani akasema, "Amina, tuache kwanza." Tuache kwanza! Mimi ninayemwosha.

Jumamosi, 31 Agosti

Leo kaja mtu wa usingizi mwenyewe, yule anayetoa dawa ya usingizi. Nimembandika jina Papa wa Usingizi, kwa sababu jina lake hakulitaja. Mtu mzima, miwani kwenye paji la uso, anaongea huku anatazama mlango. Alimsikiliza mama kifua. Alimpapasa mgongo, akahesabu mifupa kwa kidole gumba. Akaridhika. Akamweleza:

"Mama, Jumatatu tutakupiga sindano mu mugongo. Miguu yote mbili itakufa. Kisha tunatumika kazi yetu pole pole."

Mama akauliza: "Yote mbili?"

"Yote mbili. Haiwezi kufa moja. Usiogope, ni kitu ya kila siku."

Akamgonga bega, akaondoka. Muda wa kunywa kikombe cha chai, si zaidi. Ningependa watu wanaoingia kwenye mwili wa mtu wakae chini kwanza, hata kwenye ukingo wa kitanda.

Jioni nimemletea lituma kidogo, ndizi za kuponda, na samaki. Hakula. Nilidhani amechoka. Baadaye akaniambia nifunge vyombo. Nikauliza vyombo gani? Akasema: "Munirudishe kwangu. Sikatwi."

Nimeuliza kwa nini. Amegeukia ukuta.

Jumapili, 1 Septemba

Siku mbaya kabisa.

Sote tumejaribu kumgeuza. Mimi kwa upole, kisha kwa ukali. Ramazani kwa hotuba. Shangazi kwa simu. Jibu ni moja: nirudisheni kwangu. Mwanamke aliyesema "muikate basi" Alhamisi, leo anashika chuma cha kitanda kama mtu anayeburutwa.

Ramazani amepata ushindi wake. Si nilisema? Anaogopa kusikia! Mlazeni kabisa! Daktari akakataa. Akasema hawezi kumuua mgonjwa ili kumfurahisha mtoto wake. Ramazani akasema maneno ambayo sitayaandika. Daktari naye akapoteza subira, akamwambia mama ana kichwa kigumu, na kwamba mguu hausubiri mtu. Mama akaitikia kwa heshima, "Ndiyo, docteur," akaanza kutafuta kandambili yake chini ya kitanda.

Tumetoka. Nimebeba ndoo, jiko, mkeka, sahani. Nimemchukia kila mtu tuliyepishana naye kwenye lango, hata mwuza mikate.

Nimemchukia na mama. Ndiyo, naandika. Anachagua kufa kwa ukaidi na mimi ndiye nitakayeangalia.

Jumatatu, 2 Septemba

Shule zimefunguliwa. Watoto wamepita barabarani bluu na nyeupe, wengine na pindo nilizoshona kwa hasira, zimekaa upande. Mama mmoja kaja kulalamika mbele ya mashine. Nimemwambia akate miguu ya mtoto itoshe sketi. Kisha nikasikia nilichosema. Nimemshonea upya bure.

Mama Bolumbu, jirani, kaja kupiga domo. Ana binamu kule Basoko aliyechomwa sindano ya mgongo alipojifungua, na tangu hapo mgongo, mgongo, mgongo. Nikamuuliza, anatembea? Anatembea. Analima? Analima. Ana watoto wengine baada ya yule? Wawili. Basi nikamwambia huo mgongo nipe mimi. Ameondoka amenuna. Lakini mama alikuwa anasikiliza kutoka ndani, na sasa najiuliza kama ni hicho. Kama anaogopa kupooza. Nimemuuliza. Ametikisa kichwa. Hapana. Basi nini?

Amejifunika shuka.

Jumatano, 4 Septemba

Weusi umepanda. Juu ya mguu ngozi inang'aa, imekaza. Harufu sasa iko kwenye nguo zangu, kwenye vitambaa, kwenye chai. Mwili wake una joto. Analala mchana, mtu ambaye sijawahi kumwona akilala mchana.

Ramazani kapiga simu kwa furaha. Amepata kliniki huko Makiso, mganga anayekubali kumlaza kabisa, bomba na kila kitu, Ijumaa hii. Nikauliza, huyo mganga amemwona mama? Hajamwona. Amesikia kifua chake? Hajasikia. Anajua ana pumu? Ramazani akasema atamwambia siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo! Mtu anayekubali kumlaza mama yangu bila kumwona ni kama fundi anayekata kitambaa bila kuchukua kipimo, na mimi najua suruali zake zinavyotoka. Nimekata simu. Amepiga tena. Nimezima.

Nimemwambia mama: Ramazani anakuja Ijumaa na gari. Akauliza, "Kule nako watanilalisha?" Nikasema ndiyo. Akasema: "Basi kule ndiyo sitaona kitu watafanya." Hakuwa ananiambia mimi.

Sielewi. Nimechoka kutoelewa. Nimempigia kelele hadi kuku wa jirani wakakimbia. Nimemwambia kama unataka kufa sema unataka kufa, usinifanye nikushike mkono huku unaondoka. Alisubiri nimalize. Kisha akaniomba maji.

Alhamisi, 5 Septemba

Leo amesema. Naandika neno kwa neno.

Asubuhi nimemwogesha uani. Nikampaka mafuta ya mawese mguu wa kulia, ule mzima, maana ngozi yake inakauka. Alikuwa anautazama. Anautazama vile mtu anavyomtazama mgeni anayefunga mzigo. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Amina, huu muzuri, siku wataukata, mwambie Ramazani auzike pamoja na mwenzake. Asiuache ku hospitali."

Nikasema mama, nani amesema watakata huu?

"Si ni ule papa wa sindano. Alisema yote mbili itakufa. Na docteur alishasema, kitu yenye ilishakufa wanaikata."

Chupa ya mafuta ilinitoka mkononi.

Alimuuliza. Mbele yangu alimuuliza! Yote mbili? Yote mbili. Haiwezi kufa moja. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kitambaa mkononi, nikihesabu makosa ya adabu ya yule bwana, na sikusikia kitu. Kwa sababu kwangu mguu uliokufa ni mguu uliokaliwa vibaya. Unaukung'uta, unarudi. Kila siku nasema mkono umekufa. Yeye mwenyewe anasema. Lakini wiki iliyopita daktari alikuwa amemfundisha maana nyingine ya neno hilo, akamwonyesha kwa ncha ya mkasi, na mama ni mwanafunzi mzuri. Kitu kilichokufa kinakatwa. Jumatatu watauua na ule wa pili, wataukata. Na akilazwa kabisa hataona ni mingapi imeondoka.

Nikamuuliza kwa nini hukusema? Kwa nini hukuuliza? Akalishangaa swali langu. "Mutu anakuambia kitu waziwazi, utamuuliza nini tena?" Na kumwambia mganga mbele ya watu kwamba anataka kukuibia mguu ni kumtukana. Hilo hakuweza. Alipima, akaamua. Mguu mmoja ni sawa, atatembea na fimbo, atafika chooni mwenyewe. Miguu miwili hapana. Hatakaa kwenye mkeka kama gunia abebwe na mimi mpaka mwisho. Bora aende kaburini na miguu yote.

Alikuwa amekubali kufa. Si ukaidi. Hesabu safi kabisa, juu ya neno moja.

Nimecheka kwa sauti mbaya. Kisha nimelia. Kisha nimechukua lile beseni nikalipiga teke, likaenda mpaka ukutani. Mama akauliza beseni limefanya nini.

Nimemweleza. Sindano inazima maumivu tu, mguu unabaki, unarudi. Amenisikiliza, lakini mimi ni mshonaji. Anataka kusikia kwa yule aliyesema.

Ijumaa, 6 Septemba

Ramazani kafika na gari la kukopa, tayari kwa kliniki yake. Nilimzuia uani. Alianza hotuba. Nikasema: kaa. Hakuna kiti, nikasema kaa hivyo hivyo. Nikamweleza. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na suruali yake ya ofisi, akatazama mikono yake. Sijawahi kumwona kaka yangu bila sentensi. Akasema tu, "Tangu Jumamosi?" Tangu Jumamosi.

Gari likaenda kule tulikotoka.

Daktari alifunua mguu na uso wake ukabadilika. Sasa si vidole. Sasa si pembeni. Ni chini ya goti. Kisigino, kifundo, muundi, vyote. Jumatatu ile ingekuwa vidole viwili. Naandika tena ili nisisahau kukasirika: vidole viwili.

Na kuna zaidi. Homa ikiwa imeingia kwenye damu, hawawezi kuchoma mgongo. Watampa dawa za mshipani kwanza. Ikishuka, rachi. Isiposhuka, kulala kabisa, na Mungu asimame karibu. Ndivyo alivyosema, daktari kijana mwenye haraka. Leo hakuwa na haraka.

Nikamtafuta Papa wa Usingizi. Nilimkuta kwenye korido na nikamwaga vyote nilivyobeba, sauti yangu mpaka maternite, wodi ya wazazi. Wauguzi walitoka kuangalia. Alijitetea: "Lakini ni vile sisi wote tunasema, mama. Miguu inakufa. Munataka niseme nini?" Na hilo ndilo linaloniunguza. Ni kweli. Sote tunasema. Sina hata mtu mmoja wa kumchukia moja kwa moja. Yeye alisema kama tunavyosema, daktari alisema kweli, mama alisikia walichosema, mimi nilikuwepo. Hakuna aliyedanganya, na mguu unaenda.

Nikamwambia: twende ukamwambie tena, na safari hii ukae.

Akaja. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Miwani akaishusha machoni. Alifikiri kabla ya kufungua mdomo, nilimwona. Akasema: "Mama, miguu haitakufa. Italala. Mbili italala pamoja. Ule mugonjwa tutaukata chini ya goti. Huu muzima hakuna mutu ataugusa. Kisha utaamuka."

Mama: "Mie nitalala?"

"Hapana. Miguu ndiyo inalala. Wewe unalinda."

Mama akaniomba kitambaa. Nilikuwa na ukanda wa bluu kwenye mkoba, mabaki ya sketi. Akaufunga mwenyewe kwenye kifundo cha mguu wa kulia, mafundo mawili. Akamwambia, mguu wenye ukanda ni wangu. Papa wa Usingizi hakucheka. Akasema atawaonyesha wote mle ndani.

Jumapili, 8 Septemba

Homa inapanda, inashuka, inapanda. Nakaa na kipimajoto kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Daktari anapita hata bila kuitwa. Papa wa Usingizi kapita mara moja, akamwekea mama mkono kwenye paji la uso, akaondoka. Ningetaka kumchukia, lakini anaifanya kazi hiyo iwe ngumu.

Ramazani analala kwenye benchi la nje na kola yake. Nimempa mkeka wangu. Hatujasemezana sana. Leo alinunua mikate kwa vitanda vyote vya chumba, hata kwa watu asiowajua. Simwelewi huyu naye.

Hasira yangu haina pa kukaa. Inazunguka. Asubuhi ilikuwa kwa kandambili.

Jumatatu, 9 Septemba

Homa imeshuka na imekaa chini. Kesho wanakata, kwa sindano ya mgongo.

Jumanne, 10 Septemba

Wamemwingiza baada ya jua kupanda. Ukanda wa bluu ulikuwa bado kwenye kifundo. Ramazani alitaka kumshika mkono, mama akamwambia asikunje shati.

Tulikaa kwenye benchi. Mlango mmoja, wa mbao, umechubuka chini kwa mateke ya vitanda. Nyuma yake mama yangu yuko macho.

Kisha umeme ukaondoka. Hivyo hivyo. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Kila mtu aliyekuwa pale akatazama juu, kama taa zina la kusema. Jenereta ilikataa kuwaka mara ya kwanza. Ikakataa tena. Mtu alikuwa anaivuta na kuitukana nyuma ya jengo. Nilikuwa najua nini mama anafanya wakati ule: anapumua. Kwa kifua chake mwenyewe, kibovu, cha pumu, bila kumwomba mtu wala mashine. Ramazani naye alijua. Alikuwa ameweka viganja juu ya magoti na uso umekuwa wa rangi ya jivu. Kliniki yake. Bomba lake. Nilikuwa na neno kali, limejaa mdomoni, na nikalimeza. Jenereta ikawaka.

Walipomtoa alikuwa anaongea. Anamwambia muuguzi kwamba daktari mchanga anatakiwa kuoa, anakata vizuri lakini ana mawazo. Alichokiogopa Ramazani kimetokea: amesikia yote. Amesikia msumeno. Alimwambia Papa wa Usingizi msumeno unahitaji mafuta. Huyo alikaa kichwani pake muda wote, mama anasema, akimsimulia kila wanachofanya.

Nikafunua shuka. Mmoja umeishia kwenye bendeji. Mwingine upo, na ukanda wake.

Lakini haukuwa unasogea. Mama akauamuru. Hakuna kitu. Akaugusa kwa mkono kama anagusa mguu wa mtu mwingine. Na nikaona ile hofu inarudi machoni, nikaanza kutafuta nani wa kumpigia kelele. Papa wa Usingizi akasema usingizi haujaisha, mungoje. Tukangoja. Sote watatu tukitazama kidole gumba kimoja cha mguu, watu wazima, hakuna aliyethubutu kukohoa. Chakula cha mchana kilipita. Mwanga ukahama ukutani.

Kikasogea. Kidogo tu, kama kinakataa. Ramazani alitoka nje haraka na nilisikia analia kwenye korido, kwa sauti, bila mkutano.

Mama akasema: "Umeamuka."

Jumatano, 11 Septemba

Ramazani na mjomba wameuzika ule mwingine. Sanda ndogo, karibu na kaburi la baba. Kaka amerudi na udongo kwenye kola na hakuupangusa.

Daktari kaja kutazama kidonda. Nimemwambia asante. Kisha nimemwambia ingekuwa vidole viwili. Akasema anajua. Amekaa ukingoni mwa kitanda alipokuwa anasema. Sijamsamehe mtu. Lakini nimeona amekaa.

Jumapili, 29 Septemba

Nyumbani. Mvua imenyesha mchana, uani kuna matope, fundi wa fimbo hajaleta fimbo. Nimeshona shati moja tu. Mama amekaa juu ya mkeka ndani, mguu wake mbele yake, akiswali ameketi.

Alipomaliza aliniita. Alikuwa anaona haya kidogo. Akasema kuna kitu kinamwasha. Wapi? Ku kidole kikubwa. Nikashika kidole cha mguu wa kulia. Hapana, akasema. Ya kushoto.

Nilimtazama. Alijua. Aliniambia anajua, Ramazani ameuzika, amemwonyesha hata mahali. Lakini unawasha, Amina, tangu asubuhi, na yeye amevumilia vya kutosha.

Nikapiga magoti. Pale bendeji inapoishia kuna shuka tupu, imelala bapa. Nikapima kwa macho mahali ambapo kidole kingekuwa, nikakwangua mkeka kwa kucha.

"Chini kidogo," akasema.

Nikashuka chini kidogo.